Je, wajua kwa nini mtu mwenye afya zake anaweza kuchemka mwili akiwa kwenye nusu kaputi? Kitaalamu hali hii inaitwa malignant hyperthermia.

Tukisikia kalsiamu wengi tunawaza maziwa, dagaa na mifupa basi, na ni kweli karibu 99% ya kalsiamu ya mwili iko kwenye mifupa na meno. Lakini hicho kidogo kinachobaki ndo kinachofanya moyo udunde na mkono unyanyuke, na ndo hicho hicho kinachoweza kumuua mtu ambaye asubuhi kaingia chumba cha operesheni anatembea mwenyewe.

Kisa kilichofungua macho ya madaktari ni cha Melbourne, Australia. Kijana wa miaka 21 kavunjika mguu, analetwa hospitali, na kinachomtisha sio mguu, ni nusu kaputi, maana ndugu zake 10 walikuwa wameshafariki baada ya kupewa etha, dawa ya zamani ya kulaza mtu kwa kuvuta. Madaktari wakampa halotheni, gesi ambayo kipindi hicho ilikuwa mpya, wakiamini etha ndo tatizo. Haikupita muda mapigo yakapanda, presha ikashuka, ngozi ikawa ya moto. Wakasimamisha kila kitu, wakampoza kwa barafu, akapona. Madaktari Michael Denborough na Richard Lovell wakaandika habari zake mwaka 1960 kwenye jarida la Lancet, na Denborough akaufuatilia ukoo ule akaonyesha kwamba hii kitu inarithiwa.

Sasa kwa nini gesi ya kulaza mtu imchemshe? Twende ndani ya msuli. Msuli ukiwa umetulia, kalsiamu iliyo huru ndani ya seli zake ni kidogo mno, karibu mara 10,000 chini ya ile iliyo nje kwenye damu. Akiba imefungiwa kwenye vifuko vidogo vilivyozunguka nyuzi za msuli, na kwenye vifuko hivyo kuna milango. Neva ikileta taarifa, milango inafunguka, kalsiamu inamwagika, nyuzi zinavutana, msuli unakaza, halafu pampu zinairudisha kalsiamu kwenye vifuko na msuli unalegea. Yote hiyo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, ukipepesa jicho imeshatokea.

Mlango wenyewe unaitwa RyR1, na ni protini kubwa kwelikweli, ina vipande vinne na kila kipande ni mnyororo wa karibu amino asidi 5,000, yaani vile vitofali vinavyojenga protini. Jina limetokana na rayanodini, sumu ya mmea wa Ryania wa Amerika ya Kusini iliyokuwa inatumika kuulia wadudu mashambani. Watafiti waligundua sumu ile inakwenda kung'ang'ania hapo hapo mlangoni.

Kuna watu wamezaliwa na kosa dogo kwenye jeni ya mlango huu. Siku zote wako fiti, wanacheza mpira, wanabeba mizigo, hakuna anayejua. Shida inakuja wakivuta gesi za usingizi kama halotheni, isofluureni au sevofluureni, au wakichomwa saksametoniamu, ile dawa ya kulegeza misuli haraka ili mrija upite kooni. Milango inafunguka na haijifungi. Kalsiamu inamwagika tu, misuli inakaza mwili mzima, pampu zinahangaika kuirudisha na zinachoma nguvu nyingi, na nguvu ikichomwa joto linatoka, kabonidayoksaidi inapanda, damu inakuwa na asidi. Mara nyingi dalili za mwanzo ni kabonidayoksaidi kupanda kwenye mashine, moyo kwenda mbio na taya kukaza, joto lenyewe linaweza kuchelewa ila likianza linaweza kupanda digrii moja kila dakika tano. Seli za misuli zikipasuka potasiamu inaingia kwenye damu na hiyo inaweza kusimamisha moyo, figo nazo zinaziba, mkojo unakuwa mweusi kama kola.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mtu anaweza kupewa nusu kaputi mara kadhaa asipate chochote halafu safari nyingine ikamkuta, kwa hiyo "mbona mwaka juzi alifanyiwa akawa poa" haitoshi.

Jibu la jeni lilitoka kwa nguruwe. Wafugaji wa Ulaya na Amerika walikuwa wanachagua nguruwe wenye minofu mingi na mafuta kidogo, na bila kujua wakawa wanasambaza jeni yenye hitilafu. Nguruwe hao walikuwa wanakufa njiani wakipelekwa machinjioni kwa sababu ya hofu na msongamano tu, na nyama yao inatoka imepauka, laini, inachuruzika maji. Mwaka 1991 timu ya David MacLennan wa Toronto ikaonyesha ni herufi moja tu ya jeni ya RyR1 iliyobadilika.

Na dawa pia ilijaribiwa kwa nguruwe, tena hapa hapa Afrika. Mwaka 1975 Dkt Harrison wa Cape Town alionyesha kwamba dantrolini inawaokoa, maana inatuliza ile milango. Kabla ya hapo wagonjwa wengi waliopatwa walikuwa wanakufa, kama 7 kati ya 10, leo pale dawa ilipo ni wachache sana. Tatizo ni pale ilipo. Chupa moja ya kawaida ina miligramu 20 na inachanganywa na mililita 60 za maji safi ya sindano, unatikisa mpaka iyeyuke, na mtu wa kilo 70 dozi ya kwanza tu ni chupa 9, kwa hiyo mmoja hatoshi, watu kadhaa wanatikisa chupa huku mwingine anaweka barafu.

Ndo maana ukiulizwa kabla ya operesheni kama kuna ndugu aliyefia kwenye nusu kaputi, sema, hata kama nyumbani mlishaambiana amerogwa. Mzazi mwenye hitilafu hii, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Na operesheni bado inawezekana vizuri tu, kwa ganzi ya mgongo, au dawa za usingizi za sindano kama ketamini na propofoli, hizo hazigusi ile milango.

Moyo nao una mlango wake, RyR2. Huu ukivuja, mtoto anazimia akikimbia, akiogelea au akishtuka, na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, akiwa amelala inatoka safi kabisa, wengine wanatibiwa kifafa miaka. Kipimo kinachofichua ni ECG akiwa anakimbia kwenye mashine huku daktari yuko pembeni, na tiba ya kwanza ni vidonge vya kutuliza moyo vya jamii ya propranololi, vinavyonywewa kila siku bila kuruka.