Chemsha Bongo ya Herufi H: Watu na Ardhi Yao

Ninapowaandalia wanafunzi wangu wa jiografia maswali ya chemsha bongo, siulizi jamii za asili huvaa nini wala hucheza ngoma gani. Nauliza wanaishi wapi, na nani mwenye kauli juu ya ardhi hiyo. Herufi H ina utajiri wa maswali hayo.

Tuanze na Wahadza, ambao wengi tunawaita Wahadzabe. Wako kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wakiishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Ndege aitwaye mlembe huwaongoza mpaka kwenye nyuki, kisha hujilia nta inayobaki. Swali langu kuhusu Wahadza ni hili: mwaka 2011 walipata nini katika Bonde la Yaeda? Jibu ni hatimiliki ya kimila, iliyotolewa kwa jamii nzima. Hilo ni jambo kubwa mno, maana pori lisilo na shamba wala boma, mkulima na mfugaji huliona halina mwenyewe.

Wahopi wako Arizona, Marekani, na ardhi yao imezungukwa pande zote na ya Wanavajo, jamii nyingine ya asili. Majira ya joto yakifika, Wanavajo husogeza saa zao mbele kwa saa moja, kama sehemu kubwa ya Marekani. Wahopi hawasogezi, wala Arizona kwa jumla. Dereva anayekatiza huko hubadili saa anapoingia kwa Wanavajo, akabadili tena kwa Wahopi, na tena akitoka! Kijiji cha Wahopi kiitwacho Oraibi kinakaliwa tangu karibu mwaka 1100.

Wahaida ni watu wa visiwa vya Haida Gwaii, magharibi mwa Kanada. Mwaka 1985 walifunga barabara kuzuia ukataji wa miti, na wazee wao wakakamatwa. Mwaka 2024 serikali ya jimbo la British Columbia ilitambua kwamba visiwa vyote ni ardhi yao.

Wahimba, wafugaji wa Kunene huko Namibia, walipinga bwawa la umeme lililopangwa kujengwa Epupa miaka ya 1990. Maji yangefunika malisho na makaburi ya wazee wao, na kwa Wahimba, anayetaka kauli juu ya eneo huulizwa kwanza nani wa ukoo wake amezikwa hapo. Bwawa hilo halikujengwa Epupa.