Tuiteni Kabla Hamjafunga Bawa

Maombi mengi ya ukaguzi ambayo sisi wakaguzi wa ndege tunayapokea siku hizi kutoka kwa watu wanaojijengea ndege huja na picha nzuri. Ndege imekamilika, rangi inang'aa, viti vimeshonwa, mwenyewe kasimama kando anatabasamu. Barua inasema: mkaguzi aje, tunataka kuruka wiki ijayo. Malalamiko huanzia hapo, maana jibu letu ni lile lile: fungua bawa. Hasira ya mwenye ndege tunaielewa, lakini mkaguzi hana macho ya kupenya alumini. Ribiti (msumari wa kuunganisha mabati) iliyopasuka, gundi iliyokauka kabla mbao hazijabanwa, nati isiyo na pini, vyote vimejificha ndani.

Hakuna anayekatazwa kujenga. Nchini Marekani, chama cha wajenzi wa ndege za majaribio, EAA, kipo tangu 1953, na maelfu ya ndege za namna hii zinaruka duniani. Sharti kuu huko, na nchi nyingi zina linalofanana nalo, ni kwamba zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na mtu anayejenga kwa kujifunza au kujifurahisha. Wenyewe huiita kanuni ya asilimia 51. Vipande vilivyotoka kiwandani vinaruhusiwa. Kumlipa fundi aunganishe kila kitu kisha wewe ukasaini kama mjenzi, huo ni uongo, na maswali matano tu kuhusu mhimili wa bawa hutosha kuubaini.

Kwa hiyo weka daftari la ujenzi tangu siku ya kwanza. Kila kazi iandikwe tarehe, saa ulizotumia, nani alikusaidia, na namba ya ukurasa wa ramani ulioufuata. Piga picha, na mikono yako ionekane kwenye baadhi yake. Tunza stakabadhi za boliti, mbao, resini na kebo, kwa sababu boliti ya ndege na ya duka la vifaa vya ujenzi hufanana kwa macho tu. Kama unatumia gundi au fibaglasi, changanya kipande cha sampuli kutoka kopo lile lile, kiandike tarehe, kihifadhi. Kisha tuite kabla ya kufunga kila sehemu ambayo haitaonekana tena: mabawa, mkia, tangi la mafuta. Kumsubiri mkaguzi kunachosha kidogo, lakini kukata bawa lililopakwa rangi kunachosha zaidi.

Kuna hoja tunayoisikia kila mara: "Ni mali yangu, nimeijenga uani kwangu." Uani, sawa. Anga si ua. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaitaka ndege inayovuka mipaka ya nchi iwe na alama za usajili na cheti cha ustahiki wa kuruka, na sheria za nchi hudai kibali hata ukizunguka juu ya shamba lako. Ndege uliyojijengea kwa kawaida haipati cheti kamili cha kimataifa, bali kibali chenye masharti. Ukitaka kuvuka mpaka, omba ruhusa ya nchi unakokwenda. Kuruka bila kibali ni kosa: faini, leseni kusimamishwa au kufutwa, ndege kuzuiliwa, na bima inaweza kukataa kulipa. Na tafadhali, msituandikie kwamba mlikuwa mnaikimbiza tu kwenye njia ya kurukia, upepo ukainyanyua.

Wengine hubadilisha ramani kwa nia njema. Mwanamuziki John Denver alifariki Oktoba 1997 katika ghuba ya Monterey, California, akirusha Long-EZ, ndege ndogo ya kujijengea, aliyoinunua kwa mtu mwingine. Ramani za Bert Rutan, aliyeibuni ndege hiyo, ziliiweka vali ya kuchagua tangi la mafuta kati ya miguu ya rubani. Aliyeijenga aliihamishia nyuma ya bega la kushoto, ili mabomba ya mafuta yasipite alipokaa rubani. Wachunguzi wa Marekani walieleza kwamba rubani alipojigeuza kuifikia vali, alikanyaga kanyagio la usukani bila kukusudia. Vali yenyewe haikuwa na alama. Badiliko lolote, hata dogo, liandikwe na lionyeshwe kwenye ukaguzi.

Rangi nayo ina uzito, jambo linalowashangaza watu wazima. Ndege hupimwa ikiwa imenyooshwa sawa, mizani moja chini ya kila gurudumu, baada ya kupakwa rangi na si kabla. Kitovu cha uzito kikienda nyuma mno, ndege ikipoteza mwendo rubani anaweza kushindwa kuishusha pua. Eleroni nazo, yale mapezi ya nyuma ya bawa yanayoilaza ndege upande, zisawazishwe upya: zikiwa nzito nyuma ya bawaba zinaweza kuanza kupapatika kwa kasi, na papatiko hilo huweza kuing'oa eleroni kwa sekunde chache.

Ukishapata kibali, bado abiria hawaruhusiwi. Kanuni ya Marekani kwa kawaida hudai saa 25 za majaribio kama injini na rafadha ni jozi iliyoidhinishwa, na saa 40 kama sivyo, mbali na makazi ya watu wengi. Injini ya gari huangukia kundi la pili.

Anayetaka kununua ndege iliyojengwa na mwingine aulize daftari kwanza, bei baadaye. Mjenzi nchini Marekani anaweza kupewa cheti cha kuikagua mwenyewe ndege yake kila baada ya miezi 12. Cheti hicho hakiuzwi pamoja na ndege.