Jumba la Mtoni, Unguja: tusimuliwayo na yaliyokuwa

Ukitoka Mji Mkongwe kwa njia ya Bububu unapita magofu mawili ya pwani, na watu huyachanganya. Zile nguzo nene zilizosimama safu ni za Maruhubi, jumba la Sultani Barghash lililoungua 1899. Mtoni liko mbele kidogo, nalo ni kongwe zaidi kwa karibu nusu karne.

Wapo wanaosema Mtoni lilivunjwa na mizinga ya Waingereza. Si kweli. Vita vya tarehe 27 Agosti 1896, vilivyokwisha hata saa moja haijatimia, vilipiga kasri za mjini. Mtoni lilikuwa limeshahamwa, na moto wa 1914 ukaja kuliharibu.

Dhana iliyoota mizizi ni kwamba Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alijijengea pale mahali pa kustarehe na masuria. Watalii huipenda hadithi hiyo, na wapo wanaoiuza. Lakini eneo lile lilikuwa shamba la Saleh bin Haramil al-Abry, Mwarabu anayetajwa kuwa ndiye aliyeleta mikarafuu Unguja, hadi Said alipomnyang'anya mali yake. Baada ya hapo pakawa makazi hasa: siku nne za wiki Said alikaa Mtoni, zilizobaki alikuwa mjini, Beit al-Sahel. Binti yake Salme, aliyezaliwa humo 1844, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba jumba lilikuwa na watu wapatao elfu moja. Wengi wao walikuwa watumwa, na hilo ndilo hadithi ya starehe huliruka. Wala aliyeshika nyumba hakuwa suria. Alikuwa Bibi Azze binti Seif, mke wa ndoa, mfupi wa kimo, ambaye hata watoto wa mumewe walimwita kwa cheo. Uani walizurura tausi, paa, heroe na mbuni. Watoto waliokota mayai, wakampelekea mpishi mkuu, naye akawatuza.

Tena hudhaniwa Salme aliishi Mtoni mpaka siku ya kutoroka Unguja. Alihama yungali mtoto wa miaka kama saba, akaenda na mama yake kukaa mjini, Beit al-Watoro, kwa kaka yake Majid. Kuandika alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, maana wasichana walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1866 aliondokea huko huko mjini, kwa manowari ya Kiingereza, akaenda Aden. Baba yake alikuwa ameshafariki miaka kumi nyuma, safarini baharini akirudi kutoka Oman.