Vidhan Parishad ya India: nani hasa humpigia kura mjumbe?

Wanaofuatilia siasa za India hukutana mara kwa mara na "bunge la juu la jimbo", na wengi hulichanganya na Rajya Sabha, bunge la juu la taifa lililoko New Delhi. Hapa nazungumzia Vidhan Parishad, baraza la juu la jimbo, na dhana potofu zinazolizunguka. Chini yake ipo Vidhan Sabha, ambayo wabunge wake huchaguliwa na wananchi wote wa jimbo.

Dhana: kila jimbo linalo. Kati ya majimbo 28, ni 6 tu yaliyo nalo: Uttar Pradesh, Bihar, Maharashtra, Karnataka, Telangana na Andhra Pradesh. Tamil Nadu ililifuta lake mwaka 1986, na Bengal Magharibi ilitangulia mwaka 1969.

Dhana: wajumbe hawapigiwi kura na wananchi, wanagawiana vyeo tu. Hii ndiyo inayorudiwa zaidi, na ndiyo inayostahili kuchambuliwa kwa hesabu. Chukua Maharashtra, yenye wajumbe 78. Wajumbe 30 huchaguliwa na wabunge wa Vidhan Sabha, na 22 na madiwani wa halmashauri na miji. Gavana huteua 12 kutoka miongoni mwa watu wa fasihi, sayansi, sanaa, ushirika na huduma za jamii. Wanabaki 14. Hao huchaguliwa na watu wanaopanga foleni kituoni kama katika uchaguzi mwingine wowote: 7 na wahitimu wa vyuo vikuu, na 7 na walimu.

Kura yenyewe ina namna yake. Mpiga kura hupewa kalamu ya zambarau pamoja na karatasi, na haruhusiwi kutumia kalamu yake mwenyewe. Haweki alama ya vema, bali huandika 1 mbele ya anayempenda zaidi, kisha 2, 3 na kuendelea. Mwaka 2021, kiti kimoja cha wahitimu huko Telangana, kinachojumuisha jiji la Hyderabad, kilikuwa na wagombea 93. Karatasi ya kura ilikuwa kubwa kama gazeti, na kuhesabu kulichukua siku kadhaa kwa sababu kura za chaguo la kwanza hazikutosha kumpa mtu ushindi. Mshindi, Surabhi Vani Devi, alipatikana baada ya kuhesabu chaguo za chini. Huwezi kusema mjumbe huyo alipewa cheo mezani.

Kasoro iliyopo, kwa maoni yangu, iko kwingine. Mhitimu aliyemaliza chuo angalau miaka mitatu iliyopita na kujiandikisha ana kura mbili jimboni, ya Vidhan Sabha na ya baraza. Mkulima asiye na shahada ana moja. Kwa upande wa walimu, katiba inataka mpiga kura awe anafundisha katika shule isiyo chini ya sekondari. Mwalimu anayemshika mtoto mkono ili aandike herufi yake ya kwanza hana kura hiyo. Hilo ni jambo la kuumiza, na wanaolisema ni wachache kuliko wanaolalamikia "mlango wa uani", yaani kuingia barazani bila kura ya wananchi.

Dhana: kiti cha wahitimu lazima agombee mhitimu. Hapana. Mahakama ya Juu ya India iliamua mwaka 1972 kwamba shahada ni sharti la mpiga kura, si la mgombea. Mgombea anatakiwa awe raia wa India na awe na umri usiopungua miaka 30.

Dhana: mjumbe wa baraza hawezi kuongoza serikali. Yogi Adityanath aliongoza Uttar Pradesh kuanzia 2017 akiwa mjumbe wa baraza. Uddhav Thackeray aliapishwa kuwa Waziri Kiongozi wa Maharashtra mnamo 28 Novemba 2019 bila kuwa mwanachama wa Vidhan Sabha wala wa baraza, na katiba ilimpa miezi sita kupata kiti. Korona ikasimamisha chaguzi. Muda ulikuwa umebaki wiki mbili hivi alipopita bila kupingwa Mei 2020 na kuingia barazani.

Dhana: baraza linaweza kuua muswada, na haliwezi kuguswa. Muswada wa fedha baraza hukaa nao siku 14 tu. Muswada wa kawaida hucheleweshwa miezi mitatu. Vidhan Sabha ikiupitisha tena, baraza lina mwezi mmoja zaidi, basi. Ni kweli kwamba baraza halivunjwi wakati wa uchaguzi: mjumbe hukaa miaka sita na theluthi moja huondoka kila baada ya miaka miwili. Lakini kufutwa linafutika, kwa azimio la Vidhan Sabha na sheria ya Bunge la taifa.

Andhra Pradesh yaijua vizuri habari hiyo. Baraza lake liliundwa 1958, likafutwa 1985, likarudishwa 2007. Januari 2020 wajumbe waliupeleka kwenye kamati teule muswada wa miji mikuu mitatu ya jimbo, na hivyo kuuchelewesha. Siku tano baadaye Vidhan Sabha ikapitisha azimio la kulifuta baraza zima. Azimio hilo halikufika mwisho wa safari: Novemba 2021 wabunge walewale waliliondoa, na wajumbe wakabaki na viti vyao.