Si jina bandia pekee linalolegeza ulimi

Wengi huamini kwamba kijana mpole akianza kutukana mtandaoni, kilichomharibu ni jina bandia: mlazimishe atumie jina lake halisi, atatulia. Korea Kusini ilijaribu hivyo hasa. Kuanzia 2007, tovuti kubwa zilitakiwa kuthibitisha utambulisho wa kila anayetoa maoni. Matusi hayakwisha, na mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo.

Mwaka huohuo, watafiti Noam Lapidot-Lefler na Azy Barak walitenganisha mambo matatu: kutojulikana, kutoonekana na kutotazamana macho. Kilichochochea ukali zaidi ni hilo la mwisho. Binafsi sishangai. Ana kwa ana, neno likikuponyoka unaona midomo ya mwenzako ikitetemeka, macho yakishuka chini, nawe unalimeza la pili kabla halijatoka. Kwenye simu unaona tu kwamba ujumbe umesomwa. Ndiyo maana hata kwenye kundi la darasa, ambako kila mmoja anajulikana kwa jina, watu huchambana vibaya.

Tena aibu ikipungua mtandaoni, si lazima yatoke matusi. Mwanasaikolojia John Suler, aliyeieleza hali hii mwaka 2004, alionyesha kuwa ina upande wa sumu na upande wa heri. Kijana asiyethubutu kumwambia mzazi kuwa hapati usingizi kwa wasiwasi anaweza kuliandika hilo saa nane za usiku kwa mtu asiyemjua, kwa kuwa hatamwona akishtuka.