Deraya Inayoelea Haivuki Ziwa Kivu

Kwenye garaji za Goma swali haliishi: kama BTR-80, deraya ya Kirusi ya magurudumu, inaelea, si ishuke majini Himbi hapa Goma itokee Bukavu, upande wa pili wa Ziwa Kivu? Wengine hawaulizi tena, wanalitangaza kama jambo lililokwisha kuonekana. Tafadhali, tuliache.

BTR-80 ina tani 13.6, na haielei mpaka isukume pembeni mita za ujazo 13.6 za maji. Bodi yake ina urefu wa mita 7.65 na upana wa mita 2.9, kwa hiyo kila tani ya ziada inaizamisha karibu sentimita 5. Panga mifuko ya mchanga juu ya paa, ongeza vyuma vya kukinga roketi na masanduku ya risasi, uone kinachobaki juu ya maji. Hapo wimbi dogo tu linapanda sitaha.

Kasi yake majini ni kilomita 9 hadi 10 kwa saa. Ziwa Kivu lina urefu wa karibu kilomita 90. Piga hesabu, kisha ongeza upepo. Gari hili liliundwa hasa livuke maji yaliyotulia, kama ya mto. Na kutoka majini ni kazi nyingine: ufuko wa Goma ni mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo, mengine yaliingia ziwani mwaka 2002. Pua ikikutana na ukingo uliosimama, mipira haina pa kushika.

Hata mtoni kuna kazi kwanza. Kaza vizibo vyote vya chini ya bodi, kagua mipira ya milango, jaribu pompi ya kutoa maji, inua kibao cha mawimbi mbele, fungua kifuniko cha jeti, mtambo wa kusukuma gari majini, nyuma. Kizibo kimoja kilichosahauliwa baada ya sevisi kinatosha kuzamisha gari. Majani na tope vikiziba njia ya jeti, msukumo unakufa huku moteri ikinguruma vizuri, na shofere anazidi kukanyaga bure. Mimi nasisitiza hili: mtu mmoja mwenye tochi aangalie sakafu dakika tano za kwanza, gari likiwa bado karibu na ufuko.

Na wanaodhani BTR-60, deraya ya zamani kuliko BTR-80, ilipewa moteri mbili za esansi kwa anasa: hazikuwa anasa. Kila moja ilikuwa na nguvu farasi 90 tu na iliendesha ekseli mbili. BTR-80 ya mwaka 1986 ikaweka moja ya mazutu, farasi 260.

Risasi? Bodi inazuia za bunduki ndogo. RPG inapenya, usijidanganye.

Na wanaosema deraya mpya zote zinaelea vizuri kuliko za zamani: LAV-25 ya Marekani iliundwa ielee, ikisukumwa na elisi mbili, lakini Stryker ya ukoo huohuo haielei kabisa. Walichagua chuma kinene, na uzito ukala uwezo wa kuelea.