"Hakukusudia": dhana potofu kuhusu nia na ubaguzi wa rangi

Kila kesi ya ubaguzi wa rangi inapoibuka kwenye soka la Uingereza, vijiwe vyetu hugawanyika hata kabla hukumu haijasomwa. Huku wanasema "hakukusudia, mwacheni". Kule wanasema "keshasema, basi huyo ni mbaguzi". Pande zote mbili zinachanganya maswali mawili: kitendo kilikuwa cha namna gani, na aliyekitenda ni mtu wa namna gani. Nia ina uzito mkubwa kwenye swali la pili. Kwenye la kwanza, mara nyingi haihitajiki kabisa.

Dhana: Kama hakukuwa na nia mbaya, hakuna ubaguzi

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na naiona ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu humgeuza aliyeumizwa akaonekana mgomvi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kutokomeza aina zote za ubaguzi wa rangi, uliopitishwa Desemba 1965 na ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1972, unautambua ubaguzi kwa lengo lake au kwa matokeo yake. Kimojawapo kinatosha.

Kwa nini matokeo yahesabiwe? Kesi ya Griggs dhidi ya kampuni ya umeme ya Duke Power, huko North Carolina, Marekani, inalijibu hilo vizuri. Katika kituo kimoja cha kampuni hiyo, wafanyakazi weusi waliwekwa katika idara moja tu, ile ya vibarua. Mshahara wa juu kabisa katika idara hiyo ulikuwa chini ya mshahara wa chini kabisa katika idara nyingine walikofanya kazi wazungu. Julai 2, 1965, siku sheria mpya ya haki za kiraia ilipoanza kufanya kazi upande wa ajira, kampuni, iliyokuwa tayari ikidai cheti cha sekondari kwa anayetaka kuajiriwa katika idara hizo nzuri, ikaongeza sharti jipya: ufaulu pia majaribio mawili. Masharti hayakutaja rangi ya mtu popote.

Lakini katika jimbo hilo, kwa sensa ya 1960, wanaume wazungu waliomaliza sekondari walikuwa asilimia 34, na weusi asilimia 12. Hao weusi walikuwa wamesomeshwa kwa makusudi katika shule duni zilizotengwa. Na wazungu walioingia zamani bila cheti waliendelea na kazi zao vizuri tu, ishara kwamba cheti hakikuwa kipimo cha uwezo wa kazi.

Kampuni ilikuwa hata ikiwalipia wafanyakazi wenye elimu ndogo theluthi mbili ya ada ili wamalize masomo ya sekondari. Mahakama ya Juu ya Marekani ililiona hilo, na ikakubali kwamba huenda nia mbaya haikuwepo. Bado mwaka 1971 majaji wote wanane waliosikiliza kesi hiyo waliamua dhidi ya kampuni, kwa sababu sheria ile ya ajira inatazama masharti yanamfanyia nini mtu, na nia njema haiyasafishi masharti yanayofungia watu mlango bila kuhusiana na kazi.

Haimaanishi kwamba Marekani imelimaliza jambo hili. Miaka mitano baadaye, katika kesi ya Washington dhidi ya Davis, mahakama hiyohiyo ilisema kwamba anayedai serikali imevunja Katiba lazima aonyeshe kusudi la kubagua. Matokeo peke yake hayatoshi. Kesi ile ilihusu mtihani wa kuingia polisi uliowaangusha waombaji weusi wengi zaidi, na wao walishindwa mahakamani. Kwa hiyo nchi moja ina vipimo viwili, kutegemea umeingia na sheria ipi. Mimi naona kipimo cha 1971 ndicho cha haki zaidi, maana mwajiri anaweza kuificha nia yake, lakini orodha ya walioajiriwa na walioachwa huonekana.

Dhana: Kusema kitendo ni cha kibaguzi ni kumwita mtu mbaguzi

Oktoba 15, 2011, Liverpool na Manchester United zilitoka sare ya 1-1 pale Anfield. Patrice Evra wa Manchester United alilalamika kwamba Luis Suárez wa Liverpool alimwita "negro", neno la Kihispania lenye maana ya "mweusi", mara kadhaa walipokuwa wakizozana. Tume huru iliyoundwa chini ya kanuni za chama cha soka cha Uingereza, FA, ilimfungia Suárez mechi 8 na kumtoza faini ya pauni 40,000, kisha ikatoa hukumu ya kurasa 115 ambayo wengi walioipinga hawakuwahi kuifungua.

Ndani yake kuna jambo linalovunja dhana hii moja kwa moja. Evra mwenyewe aliiambia tume kwamba hadhani Suárez ni mbaguzi. Shtaka nalo halikuwa kwamba ni mbaguzi. Shtaka lilikuwa kwamba alitumia maneno ya matusi yenye kutaja rangi ya mwenzake, na tume ikasema kipimo chake ni maneno yenyewe katika mazingira yale, si alichokusudia msemaji. Suárez alijitetea kwamba kwao Uruguay neno hilo hutumika kwa upole. Tume iliwasikiliza wataalamu, ikakubali kwamba upo wakati linatumika hivyo, kisha ikauliza: je, ndivyo lilivyotumika katikati ya ugomvi, na mtu ambaye dakika chache kabla umempiga teke? Utetezi huo haukuaminika.

Kesi ya Edinson Cavani, naye wa Uruguay, ni ngumu zaidi, na siwezi kuipitia haraka. Novemba 29, 2020 aliifungia Manchester United mabao mawili ikiilaza Southampton 3-2. Rafiki yake akampongeza Instagram, naye akajibu "Gracias negrito", yaani "Asante, mweusi mdogo". Hapa hapakuwa na ugomvi wala teke. Ni shukrani kwa rafiki, kwa neno ambalo watu wa kwao huitana kwa mapenzi. Tume ilikubali kwamba hakukusudia kumkera mtu yeyote. Aliufuta ujumbe, akaomba radhi, wala hakulipinga shtaka. Alifungiwa mechi 3 na kutozwa pauni 100,000. Uruguay ilichemka, na hata Akademia ya Taifa ya Lugha ya nchi hiyo ilitoa tamko la kuilaumu FA.

Naelewa hasira yao, na mechi 3 naziona nyingi kwa mtu aliyekuwa akimshukuru rafiki. Lakini ujumbe ule haukubaki baina ya marafiki wawili. Uliwekwa hadharani na mchezaji wa ligi ya Uingereza, mbele ya vijana weusi wanaotukanwa kwa maneno ya aina hiyo kila wikiendi. Mtu anaweza kuwa na moyo mweupe kabisa na bado aambiwe: hili usilirudie hapa.

Dhana: Mwenyewe hakukasirika, ilikuwa utani

Septemba 2019 Bernardo Silva, mzungu, aliweka Twitter picha ya utotoni ya Benjamin Mendy, mchezaji mwenzake mweusi wa Manchester City, kando ya kikatuni cha Conguitos, pipi za Kihispania ambazo nembo yake inamchora mtu mweusi kwa dhihaka. Mendy hakukasirika, tena aliandika barua kumtetea rafiki yake. FA ilimfungia Silva mechi moja na faini ya pauni 50,000.

Sisi wa Afrika Mashariki tungepaswa kulielewa hili upesi, maana tunaujua utani wenye kanuni. Wangoni na Wahehe walipigana vita katika karne ya 19, na wazawa wao leo ni watani. Mtani anakuchokoza mpaka msibani, lakini mtani huyohuyo hukusaidia kuzika, na wewe una haki ya kumrudishia kwa kiasi kilekile. Kinachouhalalisha utani ni usawa huo. Sasa, Silva angechorwa na kikatuni gani cha kudhihaki rangi ya wazungu, kilichouza pipi madukani kwa miaka? Mendy ana haki ya kumsamehe rafiki yake, ila hawezi kusamehe kwa niaba ya mtoto mweusi aliyeiona picha ile na kuambiwa shuleni kwamba naye anafanana nayo.

Dhana: Basi nia haina maana yoyote

Hapana. Kwanza, huweza kupima adhabu: Suárez alipewa mechi 8 na Cavani 3. Pili, kuna makosa ambayo bila nia hayapo. Mauaji ya kimbari ni mojawapo: ni lazima ithibitike kwamba mtuhumiwa alikusudia kuliangamiza kundi fulani, lote au sehemu yake. Mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha ilipomhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Septemba 2, 1998, ilieleza pia kwamba nia haisubiri mtu aikiri. Husomwa katika maneno yake, katika mpangilio wa vitendo, na katika namna waathirika walivyochaguliwa. Wanaosema "moyo wa mtu kichaka" wangesoma hukumu ile.

Kenya imeshika njia zote mbili. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi, inamtia hatiani anayetumia maneno ya vitisho au matusi akikusudia kuchochea chuki ya kikabila, na pia yule ambaye maneno yake, kwa kutazama mazingira yote, yanaelekea kuichochea.

Dhana: Mlalamikaji akisema ni ubaguzi, kesi imekwisha

Hii huzungumzwa sana na wanaoogopa kwamba siku hizi mtu huhukumiwa kwa hisia za mwenzake. Chanzo chake kimoja ni ripoti ya jaji mstaafu Macpherson ya 1999 kuhusu mauaji ya Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18 aliyechomwa kisu na genge la wazungu kusini-mashariki mwa London Aprili 22, 1993. Rafiki aliyekuwa naye usiku ule, Duwayne Brooks, alitazamwa na polisi kama mshukiwa badala ya mtu aliyeshambuliwa. Uchunguzi wa Macpherson haukukuta maafisa waliosema wazi kwamba wanawachukia weusi. Ulikuta ubaguzi wa kitaasisi, ambao ripoti ilisema unaweza kutokea kwa ujinga, kutofikiri na dhana za mazoea, bila mtu kujua anachofanya.

Ripoti hiyo ndiyo iliyopendekeza kwamba tukio lihesabiwe la kibaguzi iwapo mwathirika au mtu mwingine yeyote analiona hivyo. Lakini kanuni hiyo ni ya kuandikisha na kuchunguza tu, ili polisi wa mapokezi asilitupe lalamiko kwa kuwa yeye haoni tatizo. Hatia ni hatua nyingine. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010, inapozungumzia unyanyasaji kwa misingi ya rangi, inakubali lengo au athari, kisha panapodaiwa athari inaagiza mambo matatu yatazamwe: mlalamikaji alilionaje jambo, mazingira mengine yalikuwaje, na kama ni busara kitendo kile kuwa na athari inayodaiwa.